Maswali ya Wasomaji: Barafu Huelea kwa Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Tumefundishwa kwamba kitu kikipata joto hutanuka na kikipoa husinyaa, na kwamba molekuli za yabisi hubanana kuliko za kimiminiko. Ikiwa ndivyo, barafu, ambayo ni maji yaliyopoa mpaka yakawa yabisi, ilipaswa kuzama. Mbona inaelea? Kaka yangu anasema ni kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani yake. Je, ni kweli?

JIBU: Ulichofundishwa si uongo, na hoja yako imenyooka kuliko majibu mengi ambayo watu wazima huyatoa kuhusu jambo hili. Vitu vingi hufuata kanuni hiyo uliyoitaja. Ukiyeyusha nta ya mshumaa ndani ya kikopo, kisha ukadondosha humo kipande cha nta ngumu, kipande hicho kitashuka hadi chini na kulala hapo mpaka kiyeyuke. Maji ndiyo yaliyojitenga na wenzao, na sababu ya kujitenga huko ndiyo inayotafutwa. Anayejibu kwamba barafu huelea "kwa sababu ni nyepesi" amelirudia swali tu kwa maneno mengine.

Tuanze na vipimo. Lita moja ya maji yaliyo katika nyuzi 4 za Selsiasi ina uzito wa gramu 1,000 hivi, ilhali ujazo uo huo wa barafu iliyo katika nyuzi 0 una gramu 917. Hakuna kilichopotea hapo: gramu 1,000 za maji zikiganda hubaki gramu 1,000, ila nafasi zinayoichukua huongezeka kwa takriban asilimia 9. Sasa ukumbuke kanuni ya Archimedes, ambayo ina umri wa zaidi ya miaka 2,200 na bado haijachuja: kitu kilichotumbukizwa majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyasogeza. Kipande cha barafu hushuka mpaka maji kiliyoyasogeza yalingane nacho kwa uzito, kisha hutulia. Kwa kuwa gramu 917 za barafu zinahitaji mililita 917 tu za maji ili kubebwa, sehemu kama 92 kati ya 100 za kipande hicho hukaa chini ya uso wa maji na sehemu 8 zilizobaki huchungulia juu. Baharini, ambako lita moja ya maji ya chumvi hufikia gramu 1,025, sehemu inayoonekana huongezeka kidogo na kukaribia moja ya kumi.

Kuhusu hewa, kaka yako ameona kitu cha kweli lakini amekipa kazi isiyo yake. Ule weupe kama wa maziwa unaoonekana katikati ya kipande cha barafu ni viputo vya hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji. Maji huganda kuanzia nje kwenda ndani, na kwa kuwa barafu haina mahali pa kuiweka hewa hiyo katika mpangilio wake, huisukuma mbele hatua kwa hatua hadi ikwame katikati. Viputo hivyo huongeza wepesi kidogo sana. Chukua kipande kinachong'aa kama kioo, kisicho na kiputo hata kimoja, na bado kitaelea. Tena zile gramu 917 nilizozitaja ni za barafu safi isiyo na hewa.

Ubishi huu, kwa bahati nzuri, una historia ya kuvutia. Mwaka 1611, mjini Florence, Galileo Galilei aliingia katika mjadala mkali na wasomi waliofuata mafundisho ya Aristotle. Wao walishikilia kwamba barafu ni maji yaliyoshindiliwa na baridi, kwa hiyo ni nzito kuliko maji, na kwamba huelea kwa sababu tu ya umbo lake pana na bapa ambalo haliwezi kuyapasua maji likashuka. Galileo alisema kinyume chake: barafu ni maji yaliyotanuka. Kuhusu umbo, alijibu kwa hoja ambayo mtu yeyote anaweza kuijaribu kwa mkono wake. Ikamate barafu bapa, izamishe hadi chini, kisha iachie. Itapanda. Ikiwa ubapa wake ndio unaoizuia kuyapasua maji ikienda chini, mbona hauizuii kuyapasua ikienda juu? Aliichapisha hoja hiyo mwaka 1612, na kwa upande huo aliwashinda. Kilichobaki gizani ni kwa nini maji hutanuka yanapoganda, na hilo hakuwa na njia ya kulijua, kwa sababu jibu limo ndani ya molekuli.

Molekuli moja ya maji ina atomu moja ya oksijeni na atomu mbili za haidrojeni, na hazikujipanga katika mstari mmoja. Zimejikunja zikafanya pembe ya nyuzi 104.5 hivi, na kwa kuwa oksijeni huvutia elektroni upande wake, upande huo huwa na chaji hasi kidogo, na upande wa haidrojeni huwa na chaji chanya kidogo. Matokeo yake ni kwamba haidrojeni ya molekuli moja huvutwa na oksijeni ya jirani yake. Mvuto huo huitwa bondi ya haidrojeni. Ni dhaifu ukilinganishwa na muungano ulio ndani ya molekuli yenyewe, lakini una tabia moja inayotuhusu sana hapa, nayo ni kwamba huchagua mwelekeo. Haidrojeni haimshiki jirani popote pale. Inataka kumshika kwa kunyooka. Molekuli ikitimiziwa haki zake zote hushikana na majirani wanne, wala si zaidi, nao hukaa kwenye pembe nne za piramidi yenye kitako cha pembetatu.

Fikiria fito za kujengea. Fito mia moja zilizofungwa mtumba mmoja huchukua nafasi ndogo, unaweza kuziegemeza ukutani zikatosha. Fito zizo hizo zikifungwa zikawa kiunzi cha nyumba, hujaza uwanja mzima, na nafasi kubwa kati yake ni tupu. Hakuna ufito ulioongezeka unene. Barafu ni kiunzi cha namna hiyo. Molekuli zake zimeshikana nne nne, zikafanya duara za pembe sita zilizopangana tabaka juu ya tabaka, na katikati ya duara hizo mna mianya mitupu. Mwaka 1922 mwanafizikia Mwingereza William Henry Bragg alitumia eksirei kueleza jinsi atomu za oksijeni zilivyokaa ndani ya fuwele ya barafu, na mpangilio huo wa pembe sita ndio unaojitokeza pia katika chembe ya theluji yenye ncha sita.

Barafu inapoyeyuka, kiunzi hakisambaratiki chote kwa mara moja. Bondi nyingi bado zipo katika maji, ila sasa hukatika na kuungana upya kwa kasi isiyoweza kufuatwa na jicho, na molekuli zikipata nafasi ya kuteleza, baadhi yao hujipenyeza karibu na wenzao katika mianya iliyokuwa mitupu. Wastani wa majirani wa kila molekuli hupanda kidogo juu ya wanne. Ongezeko hilo dogo ndilo linaloyafanya maji yawe mazito kuliko barafu, ujazo kwa ujazo. Kwa hiyo ile kauli kwamba molekuli za yabisi hubanana kuliko za kimiminiko ni kweli pale ambapo molekuli zinaweza kupangwa kama mawe ya mviringo ndani ya sanduku. Za maji haziwezi, kwa sababu kila moja inadai nafasi ya kunyoosha mikono yake.

SWALI: Nimesoma kwamba ziwa la nchi za baridi huganda juu tu na samaki huendelea kuishi chini. Je, sababu ni ileile ya barafu kuelea, au kuna jambo jingine?

JIBU: Kuna jambo jingine, nalo kwa maoni yangu husahaulika isivyo haki. Barafu kuelea ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni tabia ya maji kabla hayajaganda.

Maji ya nyuzi 20 yakipozwa husinyaa kama kitu kingine chochote. Molekuli hupunguza mwendo na kusogeleana, na lita moja iliyokuwa na gramu 998.2 huongezeka uzito kidogo kidogo. Lakini wakati huohuo baridi inazipa molekuli utulivu wa kuanza kujifunga viunzi vidogo vidogo, ambavyo, kama tulivyoona, hula nafasi. Kwa hiyo kuna mivutano miwili, mmoja wa kusinyaa na mmoja wa kutanuka. Hadi nyuzi 4 hivi ule wa kusinyaa hushinda. Chini ya hapo mambo hugeuka, na maji yanayozidi kupoa huanza kutanuka yakiwa bado ni kimiminiko. Tofauti ni ndogo mno: lita ya maji ya nyuzi 4 ina gramu 999.97 na ya nyuzi 0 ina gramu 999.84, yaani pungufu ya gramu 0.13. Hata hivyo, katika maji yaliyotulia, tofauti ya namna hiyo inatosha kuamua nani akae juu na nani akae chini.

Thomas Charles Hope, aliyekuwa mwalimu wa kemia Edinburgh, alilionyesha jambo hili mwanzoni mwa karne ya 19 kwa jaribio ambalo bado hufanywa mashuleni. Chombo kirefu hujazwa maji, kipimajoto kimoja huchomekwa karibu na sehemu ya juu na kingine karibu na sehemu ya chini, na kiuno cha chombo huzungushiwa mchanganyiko wa barafu na chumvi. Mwanzoni kipimajoto cha chini ndicho kinachoshuka, kwa maana maji yanayopozwa pale kiunoni huwa mazito na kuteremka, na cha juu hubaki karibu kama kilivyokuwa. Cha chini kikifika nyuzi 4 hukwama. Ukikodolea macho vipimajoto wakati huo, utaona cha juu kinaanza kushuka nacho, kikakipita mwenzake, kikaendelea hadi nyuzi 0, na uso wa maji ukaanza kuganda huku chini bado pako nyuzi 4. Maji yaliyopoa zaidi yameanza kupanda badala ya kushuka.

Ziwa hufanya hivyohivyo kwa kiwango kikubwa. Majira ya baridi yanapokaribia, maji ya juu hupoa, huwa mazito, hushuka, na nafasi yake huchukuliwa na maji ya chini yenye joto zaidi. Mzunguko huo huendelea hadi ziwa zima lifike nyuzi 4. Kuanzia hapo maji yanayopoa zaidi hubaki juu, huganda hapo, na barafu inayotokea, kwa kuwa inaelea, hukaa kama kifuniko. Joto hupenya barafu polepole, na barafu ikiangukiwa na theluji hupenya polepole zaidi; kadiri kifuniko kinavyonenepa ndivyo kinavyochelewa kuongezeka. Chini yake samaki hukaa katika maji ya karibu nyuzi 4, ambayo ni baridi kweli, lakini si barafu.

Niongeze tahadhari moja, maana maelezo haya mara nyingi huhamishiwa baharini bila kufanyiwa marekebisho. Chumvi huishusha halijoto ambayo maji huwa mazito kuliko yote, na huishusha upesi kuliko inavyoishusha halijoto ya kuganda. Chumvi ikizidi gramu 24.7 katika kila kilo ya maji, ile hatua ya kugeuka haifikiki tena kabla maji hayajaganda. Bahari ya kawaida ina gramu 35 hivi, kwa hiyo maji yake huendelea kuwa mazito kadiri yanavyopoa hadi yanapoanza kuganda kwenye nyuzi 1.9 hivi chini ya sifuri. Barafu yenyewe, hata hivyo, huelea baharini vizuri zaidi kuliko ziwani.

SWALI: Niliweka chupa ya kioo iliyojaa maji kwenye friza na asubuhi nikaikuta imepasuka. Je, kosa ni la chupa?

JIBU: Si la chupa. Nami nimewahi kupoteza yangu kwa njia hiyohiyo, huku nikijua kabisa kanuni inayohusika. Ile asilimia 9 lazima ipate pa kwenda. Kinachoizidishia ubaya chupa ni kwamba barafu mara nyingi hutangulia kufunga shingo, ikawa kizibo, na maji yaliyobaki chini yake yanapoendelea kuganda hayana mlango. Nguvu inayozalishwa si ya mchezo: kuyazuia maji yasigande kwa kuyabana, katika nyuzi 22 chini ya sifuri, kunahitaji shinikizo la takriban mara 2,000 ya lile la hewa inayotuzunguka. Kioo hakiwezi kuvumilia hayo, na hata mwamba wenye ufa uliojaa maji hupanuliwa hivyohivyo kila baridi inapokuja, mpaka umeguke. Tumia chombo kinachonyumbuka, na usikijaze. Acha wazi zaidi ya sehemu moja ya kumi.

SWALI: Nikijaza glasi maji hadi ukingoni, huku kipande cha barafu kikielea na kuchomoza juu ya ukingo, je, maji yatamwagika barafu ikiyeyuka? Na kama hayamwagiki, kwa nini tunaambiwa bahari itapanda barafu ya dunia ikiyeyuka?

JIBU: Hayatamwagika. Tuseme kipande hicho kina gramu 100. Ili kielee kimesogeza gramu 100 za maji, ambazo ni mililita 100. Kikiyeyuka kinakuwa maji ya gramu 100, yaani mililita 100 zilezile, na zinaingia sawasawa katika shimo ambalo barafu ilikuwa imelichimba majini. Ile sehemu iliyochomoza juu si nyongeza. Ni ule utanukaji wenyewe, na hutoweka barafu inapoyeyuka.

Swali lako la pili linajibiwa kwa kuuliza barafu ilikuwa wapi. Ile inayoelea tayari baharini imeshasogeza maji yake, na kuyeyuka kwake karibu hakubadilishi kina. Nasema karibu kwa sababu barafu isiyo na chumvi ikielea katika maji ya chumvi husogeza kiasi kidogo zaidi: gramu 100 zake husogeza mililita 97.6 hivi za maji ya bahari, kisha hurudisha mililita 100 za maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo kuna ongezeko dogo. Tishio kubwa ni barafu iliyokaa juu ya nchi kavu, ambayo haijasogeza hata tone. Ya Greenland ikiisha yote ingeiinua bahari kwa takriban mita 7, na ya Antaktika kwa takriban mita 58.

SWALI: Je, kuna barafu inayozama?

JIBU: Ipo, na kuna njia tatu za kuipata.

Ya kwanza ni kubadilisha kimiminiko. Katika alkoholi tupu, ambayo lita yake ina gramu 789 hivi, kipande cha barafu huenda chini moja kwa moja kama jiwe. Barafu haina hirizi ya kuelea. Inaelea juu ya maji tu kwa sababu ya uhusiano wake na maji.

Njia ya pili ni kubadilisha haidrojeni. Kuna aina ya haidrojeni iitwayo deuteri, ambayo kiini chake kina nyutroni ya ziada, na maji yaliyoundwa nayo huitwa maji mazito. Barafu ya maji mazito ina kiunzi kilekile chenye mianya ileile, lakini kila ufito wake una uzito zaidi, na lita yake hufikia takriban gramu 1,017. Ukiitia katika maji ya kawaida yenye baridi, inazama. Ndani ya maji mazito yenzake inaelea kama kawaida.

Njia ya tatu ni kukivunja kiunzi chenyewe kwa shinikizo. Percy Bridgman, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1946 kwa kazi zake za shinikizo kubwa, alikuwa miongoni mwa waliogundua kwamba maji yakibanwa kwa maelfu ya mara ya shinikizo la hewa huganda kwa mipangilio mingine, iliyobanana, yenye uzito kuliko maji. Hadi sasa zinajulikana aina za barafu zinazokaribia 20, na hii tuliyoizoea ni mojawapo tu. Wala maji hayako peke yake katika kutanuka yanapoganda: silikoni, jerimani, galiamu na bismuthi hufanya hivyo pia.

Kwa msomaji asiye na maabara, kuna jaribio la nne ambalo halitimizi masharti ya swali lakini mimi hulipenda kuliko yote. Mimina mafuta ya kupikia katika glasi nyembamba na uweke kipande kidogo cha barafu isiyo na viputo. Lita ya mafuta hayo ina gramu 920 hivi, karibu sawa na barafu, kwa hiyo kipande kitaelea kwa shida, mgongo wake ukiwa umelala sawa na uso wa mafuta. Kaa ukiangalie kutoka ubavuni. Baada ya muda utaona maji yakikusanyika chini yake, yakaning'inia kama tone linalosita, kisha yakajikata na kushuka taratibu hadi kitakoni yakiwa duara kamili, huku barafu yaliyotoka kwayo ikibaki juu.